Tuipe maabara siku zake: Chakula hakitangazwi salama kwa siku moja

MSOMAJI, kila mara watu wanapougua baada ya kula pamoja, iwe ni shuleni, kwenye arusi au katika hoteli ya mtaani, jambo la kwanza sisi sote hudai ni jibu. Chakula kilikuwa na nini? Nani alaumiwe? Na jibu hilo twalitaka leo leo, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja jioni.

Ni haki yetu kuuliza. Lakini nasema bila kuficha kwamba haraka yetu hii yaweza kuleta maafa mengine. Huwasukuma maafisa kutamka maneno "hakuna kilichopatikana" wakati ambapo maabara haijapewa hata nafasi ya kutafuta. Basi mwenye hoteli hufungua milango yake, mapishi huendelea jikoni kama kawaida, na baada ya muda mfupi wagonjwa wengine huwa kwenye foleni ya hospitali.

Makala haya yanakusudia kukueleza kwa nini kutafuta viini katika chakula huchukua siku kadhaa, na kwa nini yeyote anayeziruka siku hizo, awe waziri, gavana au mfanyabiashara, anacheza na maisha yako.

Viini vichache mno

Chukua mfano wa kiini kiitwacho Salmonella. Jamii hii ya viini hupatikana katika nyama ya kuku, mayai, maziwa mabichi na hata mboga zilizonyunyiziwa maji machafu. Kwa vyakula vingi vilivyo tayari kuliwa, kanuni zinazotumika kimataifa husema kwamba Salmonella haipaswi kupatikana kamwe katika sampuli ya gramu 25. Hicho ni kipande kidogo cha nyama kinachoweza kulala kwenye kiganja cha mtoto. Kanuni haisemi viini viwe vichache. Yasema visiwepo kabisa.

Sasa fikiria kazi ya fundi wa maabara. Huchukua gramu hizo 25 na kuzisaga pamoja na mililita 225 za maji yenye virutubisho. Hapo anapata mchanganyiko wa takriban mililita 250. Tuseme mna kiini kimoja tu kilicho hai. Iwapo atachota tone moja la sehemu ya kumi ya mililita na kulipima hapo hapo, nafasi ya kukipata kiini hicho ni moja kati ya 2,500. Ni sawa na kumtafuta mwizi mmoja kwa kusimamisha mtu mmoja tu katika umati wa Gikomba, kisha kutangaza kwamba soko zima halina wezi.

Kwa sababu hiyo wataalamu hawatafuti kiini hicho kikiwa peke yake. Kwanza hukilisha ili kizaane. Huu ndio msingi wa kazi yote ninayoizungumzia: kuotesha viini katika supu maalumu hadi viwe vingi kiasi cha kutoweza kujificha.

Supu ya kwanza na ya pili

Supu ya kwanza huwa laini, kama uji anaopewa mgonjwa anayepata nafuu. Ndani yake mna peptoni, yaani protini iliyokwisha kuvunjwavunjwa, pamoja na chumvi za kuzuia uchachu. Haina dawa yoyote ya kuua viini, na kuna sababu. Chakula kinapopikwa nusu, kukaushwa, kutiwa chumvi au kugandishwa, si viini vyote vinavyokufa. Vingine hujeruhiwa tu. Ukivitia mara moja katika supu kali vitakufa vyote, nawe utaandika kwamba chakula ni safi. Kumbe viini vile vile, vikiingia tumboni mwa mtoto mchanga, vyaweza kupona na kumwangusha.

Kwa hivyo chupa huwekwa katika kabati la joto, kwenye nyuzi takriban 37 ambazo ni joto la mwili wa binadamu, kwa muda wa saa 18 hivi. Viini vikishapata nguvu, huanza kugawanyika, kimoja kuwa viwili, viwili kuwa vinne. Vikigawanyika kila baada ya nusu saa, kiini kimoja huwa zaidi ya milioni moja katika muda wa saa kumi. Sasa tone moja latosha kukuonyesha mwizi.

Lakini tatizo jingine huzuka. Supu laini hulisha kila kiini kilichokuwemo katika chakula, vikiwemo vile visivyodhuru, na hivyo huenda vikawa vingi kuliko adui anayetafutwa. Hivyo fundi huhamisha kiasi kidogo cha supu hiyo hadi supu za pili, ambazo ni kali. Moja huwa na rangi ya kijani iitwayo malakiti, magnesi nyingi na uchachu kidogo, nayo huwekwa katika joto la nyuzi 41.5. Nyingine huwa na kemikali iitwayo tetrathayoneti pamoja na chumvi za nyongo. Salmonella, iliyozoea maisha ya utumbo, hustahimili mateso hayo. Viini vingine vingi hushindwa. Hapa tena ni saa 24.

Baada ya hapo supu hupakwa juu ya sahani za agari, utomvu unaotokana na mwani wa baharini, na kusubiriwa saa nyingine 24. Katika agari moja inayotumika sana, Salmonella nyingi hujitokeza kama madoa yenye kitovu cheusi juu ya rangi nyekundu. Hata hapo kazi haijakwisha, kwani kuna viini vingine vinavyoweza kufanana nayo. Sharti kufanywe vipimo vya kuthibitisha, ambavyo huchukua siku moja au zaidi.

Hebu tupige hesabu. Saa 18, ukijumlisha 24, na 24 tena, ni saa 66. Sampuli iliyofika maabara Jumatatu saa tatu asubuhi haiwezi kutangazwa kuwa haina Salmonella kwa njia hii kabla ya Alhamisi. Na ikiwa madoa meusi yameonekana, jibu kamili laweza kufika mwisho wa wiki. Afisa anayekuambia Jumanne kwamba chakula cha Jumatatu kimepimwa na kukutwa safi, muulize: kilipimwa vipi?

Kila kiini na supu yake

Isitoshe, hakuna supu moja inayokamata viini vyote. Kile cha kipindupindu hupenda maji ya peptoni yenye magadi, na huota upesi sana hivi kwamba saa sita hadi nane zatosha kabla ya kukipaka kwenye sahani. Listeria, ambayo huwadhuru hasa wajawazito, watoto wachanga na wazee, huhitaji supu mbili za aina yake, ya kwanza ikikaa siku nzima katika nyuzi 30, kisha sahani zake husubiriwa hadi siku mbili. Tena Listeria ina ujanja usio wa kawaida: huendelea kuota hata ndani ya friji, polepole, huku wewe ukidhani baridi imekulinda.

Maana yake ni kwamba maabara hupata inachotafuta. Mganga asiyeandika dalili za mgonjwa, au afisa wa afya anayepeleka kifuko cha nyama bila maelezo, hulazimisha maabara kubahatisha. "Hakuna Salmonella" si sawa na "hakuna kiini." Tofauti hii sharti iandikwe wazi kwenye kila taarifa inayotolewa kwa umma.

Haraka ya taifodi

Huenda ukasema mambo haya ni ya wataalamu, hayakuhusu. Lakini hebu kumbuka mara ya mwisho wewe au jirani yako alipoambiwa ana homa ya matumbo, ambayo wengi twaiita taifodi. Mgonjwa hutolewa damu kidogo, husubiri muda mfupi kwenye benchi, huambiwa "una taifodi" na kurudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Kipimo hicho cha haraka, kiitwacho Widal, hakimtafuti adui mwenyewe. Hutafuta tu alama za vita ambazo mwili uliwahi kupigana, na huenda vita hivyo vilikuwa vya zamani au na kiini kingine kabisa. Njia ya kuaminika zaidi ni kuotesha damu ya mgonjwa ndani ya chupa ya supu, kwa siku kadhaa, na kuona kama kiini cha taifodi kitaota. Ni kanuni ile ile ya chakula. Kwa sababu hatutaki kungoja, na kwa sababu zahanati nyingi hazina vifaa, watu wasio na taifodi humeza dawa za taifodi, na viini vilivyo miongoni mwetu huzidi kuzizoea dawa hizo.

Funzo la Afrika Kusini

Kwa wanaodhani kwamba kuotesha viini ni mtindo wa kizamani unaopoteza wakati, na watazame yaliyotokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018. Watu 1,060 walithibitishwa kuugua Listeria, na zaidi ya 200 walifariki. Zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga wasiotimiza mwezi mmoja, walioambukizwa na mama zao.

Kwa miezi mingi chanzo hakikujulikana. Mtu aweza kuugua Listeria hadi siku 70 baada ya kula chakula chenye kiini hicho. Nani kati yetu akumbuka alichokula miezi miwili iliyopita?

Ndipo Januari 2018, watoto tisa wa shule ya chekechea walipofikishwa katika hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, wakiwa na homa na kuhara. Daktari wao alishuku chakula. Maafisa wa afya walienda shuleni, wakachukua poloni, ile soseji nene ya kukatwakatwa, iliyokuwa katika friji, wakaipeleka maabara. Listeria iliota kutoka kwa choo cha mtoto mmoja na kutoka kwa poloni. Hatua kwa hatua, uchunguzi uliwafikisha kwenye kiwanda kimoja huko Polokwane, na tarehe 4 Machi 2018 serikali ikatangaza chanzo na kuamuru bidhaa ziondolewe madukani.

Yaangalie mambo mawili hapa. Kwanza, poloni ile haikutupwa. Lau mpishi angeisafisha friji siku hiyo, huenda vifo vingeendelea. Pili, kiini kilipooteshwa kikiwa hai, wataalamu waliweza kukisoma chembe kwa chembe na kukilinganisha na kile kilichowaua wagonjwa mbali na hapo. Tangazo tupu kwamba "kuna Listeria" lisingetosha kukipata kiwanda.

Hapa kwetu

Nasi twayajua machungu haya. Mwezi wa Aprili 2023, shule ya upili ya wasichana ya Mukumu, Kaunti ya Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kupoteza maisha. Kabla ya majibu ya maabara kulikuwa na fununu za kila aina. Baadaye Wizara ya Afya ilitaja viini vya E. coli na Salmonella. Wazazi walikuwa na kila sababu ya kulia na kuuliza. Lakini jibu lililokuwa na uzito ni lile lililotoka maabara, wala si lile lililotoka langoni mwa shule.

Kulingana na makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2015, chakula chenye viini na sumu huwaugua zaidi ya watu milioni 91 kila mwaka barani Afrika na kuua 137,000. Hawa si watu wa kusikika kwenye habari. Ni mtoto mmoja hapa, nyanya mmoja pale, na cheti cha kifo kinachosema "kuhara" pekee.

Hoja za wapinzani

Najua wafanyabiashara watauliza: maziwa yangu yatangojaje siku nne? Yataharibika! Hoja hii ina ukweli ndani yake. Jawabu ni kwamba maabara haipaswi kuitwa siku ya msiba tu. Bidhaa zinazoharibika upesi hulindwa kwa kupima mara kwa mara, kila wiki na kila mwezi, si maziwa pekee bali pia mitungi, mabomba, meza na visu, ili uchafu ujulikane kabla haujamfikia mnunuzi. Mwenye kiwanda anayengoja watu waugue ndipo apime amechelewa.

Wengine watasema kwamba siku hizi kuna mashine za kusoma chembe za urithi za viini, na kwa hivyo supu zimepitwa na wakati. Mashine hizo ni nzuri, na zafaa zinunuliwe. Lakini nazo hupima tone dogo mno, na zaweza kuonyesha chembe za kiini kilichokwisha kufa. Ndiyo sababu kwa kawaida chakula huoteshwa kwanza katika supu, aghalabu usiku kucha, kabla ya kutiwa katika mashine. Mashine hupunguza siku za mwisho. Usiku wa kwanza hauondoki.

Yapasayo kufanywa

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kuwasimamia wanaouzia umma chakula. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake na kupewa habari anazohitaji. Haki hizo hazitimizwi na afisa anayeingia jikoni, kutazama sakafu na kuandika faini. Jicho halioni Salmonella.

Kwanza, kila kaunti yafaa iwe na maabara inayoweza kuotesha viini vya chakula, yenye kabati la joto na jenereta. Stima ikipotea usiku, supu hupoa, viini hulala, na asubuhi chakula kibovu huonekana kizuri. Magavana hupenda kuzindua majengo. Na wazindue pia bajeti ya peptoni na agari, ambazo huisha na kuhitaji kununuliwa tena.

Pili, chakula kinachoshukiwa kizuiwe hadi siku za maabara zitimie. Kuzuia si kuhukumu. Ni kungoja tu, kama vile tungojavyo matokeo ya mtihani kabla ya kumpa mtoto cheti.

Tatu, taarifa kwa umma zisiseme "chakula ni salama." Ziseme ni sampuli ngapi zilizopimwa, kiini gani kilichotafutwa, na kwa njia gani. Hata maabara iliyo bora hupima kuku mmoja huku mwingine akiuzwa.

Nne, shule, hospitali na wapishi wa sherehe waweke kiasi kidogo cha kila mlo katika friji kwa siku tatu. Ni sahani moja tu. Watu wakiugua, kutakuwa na cha kupima.

Nawe nyumbani

Wewe pia, msomaji, una wajibu. Iwapo watu wa nyumba yako wataugua pamoja baada ya kula, usiharakishe kutupa masalio na kusugua sufuria. Tia kiasi katika chombo safi chenye kifuniko, kiweke katika friji mbali na vyakula vingine, kiandike tarehe, na umwarifu afisa wa afya ya umma. Mgonjwa apelekwe hospitali, na ikiwezekana choo chake kipimwe kabla hajameza dawa za kuua viini, kwa maana dawa zikitangulia, huenda supu isioteshe kitu. Lakini anayehara damu, mtoto mchanga aliyelegea au mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshwe kwa ajili ya kipimo.

Wala usiingoje maabara ili uanze kujikinga. Chemsha maziwa mabichi. Kuku aive hadi ndani, pasiwe na wekundu karibu na mfupa. Ubao uliokatia nyama mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni. Chakula kilichobaki kisilale mezani. Kitie katika friji, na kesho kipashwe hadi kitoke moshi. Nawa mikono.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili haraka yaweza kuwa na jeneza. Siku nyingine utakaposikia kiongozi akitangaza kwamba chakula kilichowaangusha watu jana kimepimwa na hakina neno, usishangilie. Hesabu saa 66, kisha umwulize kama naye alizihesabu.